Saa Janja ya Bei Nafuu na Faragha ya Mvaaji

Saa janja, yaani saa ya mkononi iliyotiwa kompyuta ndogo yenye uwezo wa kupima mwenendo wa mwili na kuwasiliana na simu, imekwisha kutoka katika orodha ya vitu vya anasa na kuingia katika maduka ya kawaida ya simu, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambako huuzwa kwa kusifiwa ukubwa wa kioo chake, siku ambazo chaji yake hudumu na wingi wa sura zinazoweza kubadilishwa. Jambo ambalo muuzaji hulitaja mara chache, na ambalo mnunuzi huligundua akiwa amekwisha kulipa, ni kwamba saa nyingi za aina hiyo hazianzi kazi mpaka mwenyewe apakue programu fulani kwenye simu, ajisajili kwa barua pepe au namba ya simu, na akubali masharti marefu yanayompa mtengenezaji haki ya kupokea na kuhifadhi mapigo yake ya moyo, saa zake za kulala na njia anazopita. Makala haya yanashikilia hoja moja: kwamba saa inayoheshimu faragha hutambulika kwa uwezo wake wa kufanya kazi bila akaunti na bila intaneti, na kwamba uwezo huo unaweza kupimwa na mnunuzi wa kawaida kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ifahamike kazi ya kupima hufanyika wapi. Upande wa saa unaogusa ngozi huwa na vitaa vidogo vinavyotoa mwanga wa kijani na, kando yake, kihisi, yaani kifaa kinachotambua mabadiliko fulani na kuyageuza kuwa umeme unaoweza kuhesabiwa. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kwa kuwa kila pigo la moyo husukuma damu nyingi zaidi katika mishipa midogo ya mkono, mwanga unaorudi kwenye kihisi hupungua kidogo na kuongezeka tena kwa kufuata mwendo wa moyo wenyewe. Saa huhesabu kupungua na kuongezeka huko, ikatoa idadi ya mapigo kwa dakika. Kihisi kingine hutambua mwendo wa mkono, na kutokana na mtikisiko unaojirudia hukadiria idadi ya hatua. Hesabu zote hizo ni nyepesi mno. Saa iitwayo PineTime, inayotolewa na mradi wa Pine64, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 64 tu, kiasi kisichotosha kubeba hata picha moja ya kawaida iliyopigwa kwa simu, na bado huonesha hatua na mapigo ya moyo bila kuuliza kompyuta yoyote ya mbali. Tena kazi ya kuhesabu hatua humalizwa na kihisi cha mwendo chenyewe, prosesa kuu ya saa ikisoma tu jumla iliyopatikana.

Kwa hiyo mtengenezaji anapodai kwamba saa yake haiwezi kuhesabu hatua bila akaunti na bila seva, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi taarifa za wateja mahali pengine duniani, dai hilo ni la kibiashara, halina msingi wa kiufundi. Zipo huduma chache zinazohitaji intaneti kwa haki, kama vile utabiri wa hali ya hewa na kusasishwa kwa programu iliyomo ndani ya saa, lakini hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji kujua moyo wa mtu ulipiga mara ngapi usiku uliopita.

Biashara yenyewe inaonekana vizuri katika historia ya saa moja. Mwaka 2012 Eric Migicovsky na wenzake walitangaza saa ya Pebble kwenye tovuti ya Kickstarter, ambako watu huchangia bidhaa kabla haijatengenezwa, wakakusanya zaidi ya dola milioni 10 za Marekani. Desemba 2016 kampuni hiyo ilifungwa na mali zake za kiprogramu zikanunuliwa na Fitbit, kampuni ya bangili za kupimia mazoezi, ambayo iliendelea kuziendesha seva za Pebble mpaka katikati ya mwaka 2018, ikazizima. Januari 2021 Google ikakamilisha ununuzi wa Fitbit yenyewe, katika mapatano yaliyotangazwa kuwa na thamani ya dola bilioni 2.1. Mtu aliyenunua bangili ya Fitbit mwaka 2015 kwa kuwa aliiamini kampuni iliyoitengeneza, alijikuta miaka sita baadaye kumbukumbu za mwili wake zimo mikononi mwa kampuni ambayo sehemu kubwa ya mapato yake hutokana na matangazo ya biashara, bila yeye kuhama, kusaini upya wala kuulizwa kama anaafiki mauzo hayo. Tume ya Ulaya iliruhusu ununuzi huo Desemba 2020 kwa sharti kwamba taarifa za afya za watumiaji wa Ulaya zisitumike katika matangazo ya Google kwa miaka 10 na zihifadhiwe mbali na taarifa nyingine za kampuni. Sharti hilo lenye nguvu ya kisheria liliwalinda wakazi wa Ulaya. Mtumiaji wa Mombasa au Mwanza alibaki na ahadi ya kampuni. Ni sahihi, basi, kusema kwamba anayekabidhi taarifa zake kwa kampuni moja anazikabidhi pia kwa yeyote atakayeinunua kesho.

Kukabidhi huko kuna madhara yanayojulikana. Novemba 2017 kampuni ya Strava, ambayo programu yake huhifadhi safari za wakimbiaji na waendesha baiskeli, ilichapisha ramani ya dunia iliyokusanya mazoezi zaidi ya bilioni moja, bila jina la mtu yeyote, ikiamini kwamba kuondoa majina kulitosha. Januari 2018 Nathan Ruser, mwanafunzi wa Australia, alionesha kwamba katika maeneo yenye giza ya Syria na Afghanistan ramani hiyo iling'aa mahali ambapo wanajeshi wa kigeni walikuwa wakifanya mazoezi wakiwa wamevaa saa zao, hata umbo la kambi na njia za doria zikasomeka. Miezi michache baadaye, Julai 2018, waandishi wa De Correspondent ya Uholanzi na wachunguzi wa Bellingcat walionesha kwamba kupitia huduma ya Polar, kampuni ya Finland, iliwezekana kujua majina ya askari na maofisa wa ujasusi na nyumba walizoishi, kwa sababu kila mbio ilikuwa na mwanzo na mwisho, na mwanzo huo mara nyingi ulikuwa mlangoni. Mkimbiaji wa kawaida wa Iten au Arusha hana siri ya kijeshi, lakini mstari wa mbio zake za alfajiri nao huanza mlangoni, na anayeuona kwa wiki mbili anajua nyumba ni ipi na ni saa ngapi haina mtu.

Taarifa nyingine hutoka kwa uzembe mtupu. Septemba 2021 iliripotiwa kwamba hifadhidata ya kampuni ya GetHealth ya Marekani, iliyokusanya taarifa kutoka katika saa na bangili za kampuni mbalimbali, ilikuwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri, ikiwa na kumbukumbu zaidi ya milioni 61, zikiwamo majina, tarehe za kuzaliwa, uzito na mahali. Nyingine hutoka kwa makusudi, kama ilivyobainika mwaka huohuo pale Tume ya Biashara ya Marekani ilipofikia makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu ya kufuatilia hedhi, baada ya kuituhumu kwamba ilipitisha taarifa za wanawake kwa makampuni ya matangazo huku ikiahidi kuziweka siri. Na zipo zinazotolewa kwa hiari kwa sababu zina bei: Septemba 2018 kampuni ya bima ya John Hancock ya Marekani ilitangaza kwamba bima zake zote za maisha zitaambatana na mpango wa Vitality, ulioasisiwa Afrika Kusini, ambao huwapa punguzo wateja wanaokubali mienendo yao ya mazoezi ifuatiliwe. Punguzo si dhambi, lakini pale ambapo mwenye kuonesha hatua zake hulipa kidogo, asiyependa kuzionesha huwa ndiye anayelipa zaidi.

Hatari iliyo karibu zaidi na mtumiaji wa Afrika Mashariki, hata hivyo, haimo katika mapigo ya moyo. Imo katika ujumbe mfupi wa simu. Watu wengi hununua saa janja ili waone ujumbe unaoingia bila kutoa simu mfukoni ndani ya daladala au matatu, na ili saa iweze kufanya hivyo, programu yake huomba ruhusa ya kusoma arifa, yaani maandishi mafupi yanayojitokeza juu ya kioo cha simu kila ujumbe unapofika. Katika simu za Android ruhusa hiyo kwa kawaida hutolewa kwa jumla: programu iliyopewa huweza kuona arifa za ndugu, za kazini, za hospitali na za benki, bila kubagua. Sasa itazamwe arifa moja ya M-Pesa. Ndani yake kuna namba ya muamala, kiasi kilichopokelewa, jina la aliyetuma, tarehe, saa na, mwishoni, salio lililobaki. Namba ya siri ya mteja haimo, lakini benki na huduma nyingi za mtandaoni hutuma kwa njia hiyohiyo ya ujumbe mfupi tarakimu za kuthibitisha kuingia kwenye akaunti, ambazo hutumika mara moja na ambazo kila siku wananchi huonywa wasimtajie mtu. Mwananchi huyo anayekataa kumtajia mtu tarakimu hizo kwa simu huweza kuwa ameziachia programu ambayo hajui imeandikwa na nani, kwa kubonyeza neno moja la kuruhusu.

Isieleweke kwamba kila programu ya saa ya bei ya chini huiba ujumbe. Kinachosemwa ni kwamba programu yenye ruhusa ya kusoma arifa na, wakati huohuo, yenye ruhusa ya intaneti, ina kila inachohitaji ili kuutuma ujumbe huo nje, na mwenye simu hana njia rahisi ya kujua kama jambo hilo linafanyika au la. Saa nyingi zisizo na jina, zikiwamo zile zilizoiga umbo la saa ghali na kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake, hutegemea programu za jumla ambazo kampuni moja huandika kwa ajili ya viwanda vingi, na mara nyingi sera yake ya faragha ni kurasa chache zilizotafsiriwa vibaya, zisizotaja seva iko nchi gani wala ni nani anayepaswa kuandikiwa mtu akitaka taarifa zake zifutwe.

Ruhusa nyingine zinahitaji kupimwa moja moja, kwa kuwa zipo zinazotisha bila sababu na zipo zinazoonekana ndogo ilhali ni kubwa. Watu wengi hushtuka programu ya saa inapoomba kujua mahali walipo. Katika simu za Android za toleo la 6 hadi la 11, ombi hilo lilikuwa la lazima kwa programu yoyote iliyotaka kutafuta vifaa vya Bluetooth vilivyo jirani, kwa sababu Bluetooth, yaani mawasiliano ya redio ya masafa mafupi kati ya saa na simu, yenyewe inaweza kufichua mahali. Kuanzia Android 12 ya mwaka 2021 ipo ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu, na programu inayong'ang'ania kujua mahali katika simu mpya, ilhali saa yenyewe haina ramani, inastahili kutiliwa shaka. Kwa upande mwingine, ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu hutolewa kwa urahisi, ili saa ioneshe jina la anayepiga, na wachache hukumbuka kwamba majina na namba hizo ni za shangazi, mwajiri, fundi na rafiki ambao hawakuulizwa chochote. Ruhusa hiyo ya pili ndiyo ya kunyimwa kwanza.

Jinsi ya kupima saa dukani ni jambo lisilohitaji utaalamu. Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi aulize jina la programu inayotumiwa na saa hiyo, ambalo aghalabu huandikwa kwenye karatasi ya maelekezo pamoja na alama ya mraba ya kuskani kwa simu. Ikiwa alama hiyo inaipeleka simu moja kwa moja kwenye faili la kusakinisha kutoka tovuti isiyojulikana, badala ya duka la programu linalofahamika, mazungumzo yaishie hapo. Ikiwa programu imo katika duka la Google, ukurasa wake una sehemu iitwayo usalama wa data, iliyoanzishwa mwaka 2022, inayoeleza ni taarifa zipi hukusanywa na zipi hupewa wengine. Isomwe kwa kukumbuka kwamba maelezo hayo huandikwa na mwenye programu mwenyewe, kwa hiyo yanayokiriwa humo yachukuliwe kuwa kweli na yasiyotajwa yasichukuliwe kuwa hayapo. Kisha programu isakinishwe, data ya simu izimwe pamoja na Wi-Fi, Bluetooth ibaki imewashwa, na saa iunganishwe. Programu inayokubali kuendelea kwa kumruhusu mtu aingie kama mgeni, ikaonesha hatua na mapigo ya moyo huku simu haina intaneti, imefaulu mtihani mkubwa. Programu inayogoma mpaka ipewe barua pepe au namba ya simu imekwisha kujieleza. Muuzaji mwaminifu hatakataa jaribio hilo, maana halichukui dakika kumi.

Kwa mwenye simu ya Android, ipo njia bora zaidi ya hiyo, nayo ni kuiacha kabisa programu ya mtengenezaji. Gadgetbridge ni programu huria, maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na walioiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuukosoa na kuurekebisha. Ilianza mwaka 2015 kwa ajili ya watu waliotaka kutumia Pebble bila kupitia kwa kampuni, na baadaye ikafunzwa kuzungumza na saa na bangili za Xiaomi, Amazfit, Casio na nyinginezo nyingi, zikiwamo baadhi ya saa za bei ya chini za Colmi. Hupakuliwa kutoka F-Droid, duka la programu huria lisilodai akaunti, na sifa yake iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba haiombi ruhusa ya intaneti, na programu isiyo na ruhusa hiyo, kwa kanuni za Android zenyewe, haina mlango wa kutuma kitu mtandaoni. Inaweza kupewa ruhusa ya kusoma arifa, ikaonesha ujumbe wa M-Pesa kwenye saa, na ujumbe huo ukaishia hapo. Hatua, usingizi na mapigo ya moyo huhifadhiwa ndani ya simu, na mwenyewe anaweza kunakili faili lake akaliweka kwenye kompyuta. Gharama ya uhuru huo ni kwamba simu ikiibiwa kabla ya nakala kuchukuliwa, kumbukumbu zote zimepotea, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyezitunza.

Orodha ya saa zinazokubaliwa na Gadgetbridge imo katika tovuti ya mradi huo, na inapaswa kusomwa kabla ya kununua, kwa sababu saa mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana sana. Bangili za Xiaomi ni mfano mzuri. Tangu Mi Band 4 ya mwaka 2019, bangili hizo hukataa kuzungumza na programu isiyo na ufunguo maalumu, ambao ni mfuatano wa herufi na tarakimu 32 unaotolewa na seva ya kampuni pale bangili inapounganishwa kwa mara ya kwanza. Mnunuzi hulazimika, basi, kufungua akaunti mara moja kwa kutumia programu rasmi, kuupata ufunguo kwa njia zilizoelezwa na mradi, kisha kuiondoa programu hiyo kwenye simu. Na hapo wengi hukosea, kwani wakiitenganisha bangili na akaunti ndani ya programu rasmi kabla ya kuiondoa, ufunguo hufa na kazi yote huanza upya. Kinachotakiwa ni kuifuta programu bila kuitenganisha bangili. Kwa mtu anayependa kuwa na kifaa cha bei nafuu kinachopatikana madukani, usumbufu huo wa jioni moja unastahili, ila asijidanganye kwamba mtengenezaji hajui kuwa bangili hiyo ipo.

PineTime haina masharti hayo. Bei yake imekuwa dola 27 hivi kabla ya nauli na ushuru, haidai akaunti wakati wowote, na programu iliyomo ndani yake, InfiniTime, ni huria kama Gadgetbridge, kwa hiyo msimbo wa pande zote mbili, wa saa na wa simu, unaweza kukaguliwa. Chaji yake hudumu takriban wiki moja. Haina GPS, yaani mfumo wa kubaini mahali kwa setilaiti, na vipimo vyake vya moyo si vya kutegemewa na mtu anayefanya mazoezi makali. Pia huagizwa mtandaoni, jambo linalomfaa zaidi mwenye ndugu anayerudi kutoka Ulaya kuliko mwenye haraka. Anayehitaji GPS anaweza kuitazama Bangle.js 2, inayotolewa na Gordon Williams wa Uingereza, ambayo bei yake ni zaidi ya mara mbili ya PineTime, lakini kioo chake husomeka vizuri juani na chaji yake hudumu wiki kadhaa. Pebble nayo imefufuka: Januari 2025 Google iliuweka wazi msimbo wa mfumo wake, na baadaye Migicovsky akatangaza saa mpya, ya bei ya chini kabisa ikiuzwa dola 149, bei ambayo kwa wengi si nafuu hata kidogo.

Wanariadha wana njia nyingine ambayo haisemwi vya kutosha. Saa nyingi za Garmin, hata za zamani zilizouzwa tena, zikiunganishwa na kompyuta kwa waya huonekana kama diski ya kawaida, na kila zoezi limo humo kama faili linaloweza kunakiliwa na kufunguliwa kwa programu huria. Julai 2020, Garmin iliposhambuliwa na wahalifu wa mtandaoni waliofunga mifumo yake kwa siku kadhaa, wakimbiaji wengi walidhani mazoezi yao yamepotea, ilhali yalikuwa salama mikononi mwao, na waliojua matumizi ya waya waliyachukua wenyewe. Anayetumia saa yoyote yenye GPS na akapenda kushiriki mbio zake na wenzake aanze kurekodi akiwa amekwisha kufika mbali na nyumbani, na aache kurekodi kabla hajafika.

Zipo aina mbili za saa zisizofaa kununuliwa kwa bei yoyote. Ya kwanza ni ile inayodaiwa kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, dai linaloandikwa waziwazi kwenye maboksi ya saa za bei ya chini. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari kwa namna hiyo yenyewe. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa namba hizo anahatarisha maisha, na mtengenezaji anayedanganya juu ya damu ya mtu hana sababu ya kuaminiwa juu ya taarifa zake. Ya pili ni saa ya mtoto yenye laini ya simu, inayouzwa kwa wazazi kama ulinzi. Oktoba 2017 Baraza la Watumiaji la Norway lilichunguza saa kadhaa za aina hiyo na kukuta kwamba katika baadhi yake mtu baki angeweza kumfuatilia mtoto au hata kuwasiliana naye, na mwezi uliofuata mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zenye uwezo wa kusikiliza kwa siri, ikieleza kwamba wazazi walikuwa wakizitumia hata kuwasikiliza walimu darasani, na ikawataka waliozinunua waziharibu. Saa hizo haziwezi kufanya kazi bila seva, kwa hiyo hazina namna ya kufaulu mtihani uliokwisha elezwa.

Kuhusu sheria, hali si mbaya kama inavyodhaniwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Kamishna anayeisimamia. Ya Uganda nayo ni ya mwaka huohuo. Rwanda ilifuata mwaka 2021. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, ikiwa na Tume yake. Taarifa za afya zimewekwa na sheria za Kenya na Tanzania katika kundi la taarifa nyeti, na mhusika ana haki ya kujua kinachohifadhiwa juu yake na kudai kirekebishwe au kifutwe. Kwamba sheria hizo zina meno kulidhihirika Kenya, ambako Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli za Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha mboni za watu na kuwapa sarafu ya kidijitali, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa hizo za maumbile zifutwe. Lakini Worldcoin ilikuwa na watu na mashine zake ndani ya Nairobi. Mtengenezaji asiye na ofisi, wakala wala anwani katika nchi hizi hafikiwi kwa urahisi na barua ya Kamishna, na mteja aliyelipa bei ya mlo wa familia wa siku chache hatafungua kesi.

Anayefikiwa ni mwagizaji, kwa sababu mzigo wake hupita bandarini. Uingereza, tangu Aprili 2024, huwataka watengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti waseme kwa uwazi vitapata marekebisho ya usalama kwa muda gani, na Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 2025, umeweka masharti ya usalama na faragha kwa vifaa vya redio vya kuvaliwa, saa zikiwamo. Hakuna sababu ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya, zikishirikiana na mashirika ya viwango ya nchi hizo, kutodai jambo rahisi zaidi ya hayo: kila boksi la saa janja linaloingia sokoni liandikwe, kwa Kiswahili, jina la programu inayohitajika, nchi ambako taarifa zitahifadhiwa, na kama saa hiyo hufanya kazi bila akaunti. Mpaka hapo agizo hilo litakapotolewa, mnunuzi azime data ya simu yake mbele ya muuzaji, aiunganishe saa, na asilipe kabla hajaona inafanya kazi.